Kila Cheo na Mtaa Wake

Nairobi ukitaka kujua cheo cha mtu serikalini bila kumwuliza cheo chenyewe, mwulize anakaa wapi. Akikutajia Muthaiga au Runda, usiulize zaidi. Akisema Kileleshwa, utajua ni mkurugenzi, au aliwahi kuwa. Buruburu ni afisa wa kati, mwenye gari lililozeeka vizuri na mtoto chuo kikuu. Na akisema Kaloleni au Maringo, swali linalofuata ni moja tu: unapanga, au ni nyumba ya babu?

Historia ya watumishi wakuu wa umma nchini Kenya imeandikwa sana kwa njia ya vyeo, viapo na kustaafu. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi kwa anwani. Kazi ya serikali katika mji huu ilijengwa kama safari ya kuhama mashariki. Uliingia kazini ukapewa chumba Eastlands, yaani mitaa ya mashariki, ukapanda ngazi ukahamia magharibi, na dalili ya kwamba umefika ilikuwa kutorudi tena. Mitaa iliyowazaa wakubwa ikawa mitaa inayoamuliwa na watu waliokwisha kuihama, na ndiyo sababu jalada la kuiboresha halikuwahi kufungwa.

Tuanzie kwenye udongo. Magharibi na kaskazini mwa Nairobi, palipo na udongo mwekundu, miti na mwinuko, walikaa Wazungu. Mashariki ni udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa viatu masika. Huko ndiko Halmashauri ya Mji na Shirika la Reli walikowajengea Waafrika. Reli ilijenga Muthurwa, baadaye Makongeni. Halmashauri ikajenga Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, kisha Kaloleni katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Vyumba vingi vya mwanzo vilikusudiwa mwanamume asiye na mke wala watoto mjini. Serikali ilimhitaji mfanyakazi, haikuihitaji familia yake. Kaloleni ilikuwa tofauti kidogo: nyumba za familia zimezunguka uwanja wa majani, na katikati pana ukumbi ambao ulikuja kusikia hotuba nyingi zaidi za siasa kuliko kumbi nyingi za mji huu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba nyumba ilifuata kazi. Karani aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara na kitanda siku moja. Hapo ndipo tabia moja ya utumishi wa umma wa Kenya ilipoota mizizi, nayo ingali hai: mtumishi hutazama cheo chake kwa kile kinachoambatana nacho kabla ya kutazama mshahara. Zamani kilikuwa chumba chenye mlango wa kufunga. Leo ni gari, dereva, mlinzi na nyumba yenye lango.

Mwaka 1951 kulikuwa na kijana mmoja aliyekaa Ziwani na kufanya kazi ya bwana afya katika Halmashauri ya Jiji. Jina lake Tom Mboya. Alikuwa amefunzwa katika Shule ya Jeanes, Kabete, ambako Waafrika walisomea ukaguzi wa afya. Kazi yake ilikuwa ya serikali ya mji kwa kila hali: kukagua hoteli, mabomba na maziwa. Kisa anachokisimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake ni cha maabara. Alikuwa peke yake akipima sampuli, akaingia mwanamke Mzungu na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya akamwuliza kama macho yake yana hitilafu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama mfano wa ubaguzi, na ni kweli. Lakini mimi hunivutia kama kisa cha utumishi wa umma. Mtu amesoma, ana cheti, ana kazi, ana koti la kazi, na bado mwananchi anayemhudumia hamwoni. Cheo chake hakijawa na mwili. Na jibu la Mboya halikuwa kusubiri kupandishwa cheo. Aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa halmashauri, akakigeuza kuwa chama halisi cha kutetea haki za wafanyakazi, na ilipofika 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la nchi nzima. Kazi ya jiji ilimpa nchi yote, lakini kwa mlango wa nyuma.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa hesabu. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti yake mwaka 1948, ilihalalisha kanuni ya tatu kwa tano: mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na shahada ileile na kazi ileile, alipwe shilingi 3 mahali ambapo Mzungu analipwa 5. Sababu zilizotolewa zilipambwa kwa maneno ya gharama ya maisha na uzoefu. Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ikapendekeza kanuni hiyo iondolewe. Mwaka huohuo kamati ya Carpenter ilisema mshahara wa Mwafrika mjini utosheleze familia, usiwe wa mwanamume mmoja tu. Na mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, jeshi likazingira mitaa ya mashariki katika Operesheni Anvil, likawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Serikali ileile, ndani ya miezi kumi na miwili, iliandika kwamba mfanyakazi wa Eastlands anastahili kuishi na mkewe, kisha ikaja na malori kumchukua. Sijui mwaka mwingine unaoonyesha vizuri zaidi mtu wa Eastlands alionekana nani mbele ya dola: mfanyakazi wa kutunzwa mchana, mshukiwa usiku.

Mitaa miwili iliyojengwa wakati huo ilipewa majina ya madiwani Waafrika waliouawa, Tom Mbotela mwaka 1952 na Ambrose Ofafa mwaka 1953. Leo vijana wa Ofafa Jericho na Ofafa Maringo hutaja jina hilo mara kumi kwa siku bila kujua lilikuwa la mtu.

Kisha uhuru. Katika miaka michache, viti vilivyokaliwa na Wazungu kwa miongo sita vilibaki wazi, na Kenya haikuwa na watu wa kutosha wa kuvikalia. Mwaka 1961 Chuo cha Utawala cha Kenya kilianzishwa Lower Kabete, palepale penye Shule ya Jeanes alikosoma bwana afya wa Ziwani. Kazi yake ilikuwa kumgeuza karani au mwalimu kuwa afisa wa wilaya haraka iwezekanavyo. Waliokuwa na shahada hawakuhitaji hata muda huo. Duncan Ndegwa, mtoto wa Nyeri aliyepitia Alliance, Makerere na St Andrews kule Scotland, alikuwa mtaalamu wa takwimu katika huduma za pamoja za Afrika Mashariki. Uhuru ulipoingia akawa mkuu wa utumishi wa umma na katibu wa Baraza la Mawaziri, na mwaka 1967 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa gavana wa Benki Kuu, kiti alichokikalia hadi 1982.

Kasi hiyo ndiyo iliyotuachia dhana potofu kuhusu kazi hii. Kizazi cha 1963 kilipanda ngazi kwa miaka mitatu ambayo kwa kawaida ingechukua ishirini, na kilichofuata kikadhani hiyo ndiyo kawaida. Kilipanda kwa sababu nafasi zilikuwa wazi. Zilipojaa vijana wa miaka thelathini na kitu, zilijaa kwa muda mrefu. Aliyezaliwa Jerusalem au Jericho mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuingia kazini katika miaka ya 1980 alimkuta bosi wake hajafikia hata umri wa kustaafu, na juu ya bosi huyo kuna bosi mwingine.

Pamoja na vyeo, nyumba. Mtumishi Mwafrika alihamia nyumba ya Mzungu aliyeondoka, pamoja na bustani yake, chumba cha mtumishi nyuma na mara nyingine mpishi wake. Mji haukubadilika sura. Walibadilika waliokaa ndani. Mboya mwenyewe alipouawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969 alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, nyumba yake ikiwa Lavington, ilhali bado alikuwa mbunge wa kiti kilichokuja kuitwa Kamukunji, mashariki. Mwai Kibaki, aliyeacha kufundisha Makerere akaja kuwa ofisa wa chama cha KANU, aliingia bungeni 1963 kwa kiti cha Doonholm. Mwaka 1969 alikitetea kwa jina la Bahati dhidi ya Jael Mbogo, kwa tofauti ndogo iliyozua ubishi mkubwa, na kufikia 1974 akawa amehamisha kura zake Othaya. Hata siasa, ambayo hupenda kura za watu wengi, iliona heri kuhama.

Kuna mzaha mdogo hapa. Barabara ya Doonholm sasa inaitwa Jogoo Road, na wizara ya elimu iko Jogoo House. Kutoka Jogoo moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu, na maelfu huutembea kila asubuhi kupitia Landhies Road. Kikazi, wengi wao hawakufika.

Ukiniuliza ni tarehe gani iliyobadilisha kazi ya mtumishi mkuu kuliko uhuru wenyewe, nitakujibu 1971. Mwaka huo tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa kuchunguza utumishi wa umma ilitoa ripoti. Kanuni za kale zilimtaka afisa wa serikali ajitenge na biashara. Tume ikaona kwamba katika nchi changa, ambapo Waafrika waliosoma na wenye mtaji walikuwa ndio haohao watumishi, kuwazuia kungeacha uchumi mikononi mwa wageni. Ikaruhusu mtumishi wa umma kumiliki mali na biashara, mradi maslahi yasigongane. Serikali ikakubali.

Hoja haikuwa ya kijinga. Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta ujinga wake, sikuupata. Udhaifu ulikuwa kwenye maneno yale ya mwisho. Nani angepima kugongana kwa maslahi, ilhali mpimaji naye ana duka? Tume ya Waruhiu, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilirudi kuyatazama matatizo hayo. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ilikuja 2003, na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 ikaweka juu yake matarajio mazito zaidi. Ila miaka 32 kati ya ripoti ya Ndegwa na sheria ya 2003 ilitosha kuzaa kizazi kizima kilichokwenda ofisini kama mtu anavyokwenda sokoni.

Alama zake Eastlands ziko wazi. Umoja, iliyojengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, ilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Nyumba nyingi ziliishia mikononi mwa wa kipato cha kati na juu, wakazipangisha, kisha wakazipandisha ghorofa. Dandora ilikuwa mradi wa Benki ya Dunia wa viwanja kama 6,000 vyenye maji na choo, mwenyewe ajenge. Huko nako umiliki ulianza kuhama kabla saruji haijakauka. Mtumishi mkuu aliyehama mashariki kama mpangaji alirudi mashariki kama mwenye nyumba, ila hakurudi kukaa. Alimtuma wakala mwisho wa mwezi.

Buruburu ilikuwa jambo tofauti, nami nakiri kuipenda. Ilijengwa kwa awamu 5 kuanzia mapema miaka ya 1970 kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza, nyumba za kununua kwa mkopo wa muda mrefu, zenye paa za vigae na vichochoro vya watoto kucheza. Hapo afisa wa kati wa serikali aliweza kukaa mashariki bila kujiona ameachwa nyuma. Ndiyo pekee, kwa maoni yangu, iliyojaribu kuvunja ile safari ya magharibi. Nyingi sasa zimemezwa na vibanda vya maduka mbele na ghorofa nyuma, lakini ukipita jioni bado utamwona mzee aliyestaafu wizarani anamwagilia ua lake la mita tatu kwa uangalifu wa mtu aliyezoea bajeti.

Mwenye nyumba mkuu wa mitaa ya zamani, hata hivyo, si wizara. Ni City Hall, yaani serikali ya jiji. Na hapo kazi ya mtumishi mkuu ina sura nyingine, isiyoandikwa sana: ya karani wa jiji na wakuu wa idara zake. Hao ndio walioshika orodha ya wapangaji, kodi, ukarabati na maji ya Kaloleni, Bahati, Jericho na mingine. Mwaka 1983 serikali kuu iliivunja halmashauri, ikaweka Tume ya Jiji ya watu wa kuteuliwa, na baraza la kuchaguliwa halikurudi hadi 1992. Kwa miaka tisa mpangaji wa Maringo hakuwa na diwani wa kulalamikia. Baadaye ikaja kaunti mwaka 2013, kisha mwaka 2020 baadhi ya kazi zikapewa kikosi cha Nairobi Metropolitan Services chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, zikarudishwa 2022. Kila mkubwa mpya alikuta jalada lilelile la kuboresha mitaa ya Eastlands, akalisoma, akaliongeza kurasa, akalipitisha.

Karani wa jiji John Gakuo ni kielelezo cha yote mawili yanayowezekana katika kiti hicho. Alikuja kutoka utawala wa mikoa, na wakazi wengi wa Nairobi wanakumbuka jinsi alivyosafisha katikati ya jiji, akapanda maua na kuwaondoa wachuuzi barabarani, jambo lililowafurahisha wenye maofisi na kuwaumiza wachuuzi waliotoka, wengi wao, mitaa ya mashariki. Kisha ikaja kesi ya ardhi ya makaburi kule Mavoko, iliyonunuliwa kwa Sh283 milioni. Mwaka 2018 mahakama ilimpata na hatia, akahukumiwa miaka mitatu, na mwaka huohuo akafariki akiwa kifungoni. Kazi iliyoanza kwa kofia ya utawala ikaishia gerezani. Watu wanaosema kesi kama hizo hazimfiki mkubwa hawakuifuatilia hii. Wanaosema zinawafika wakubwa wote, hao nao siwaelewi.

Kuna njia nyingine iliyopita Eastlands bila kukimbia. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Mzungu mzaliwa wa Eldoret, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua kituo cha wavulana wasio na makao pale Starehe, karibu na Kariokor na Pumwani. Mwaka 1964 serikali ilimpa Griffin kazi ya kuanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile NYS, akaiongoza hadi 1988. Kwa takriban robo karne alikuwa mtumishi mkuu wa serikali asubuhi na mkurugenzi wa shule ya mitaani jioni, naye alibaki Starehe hadi kifo chake mwaka 2005. Shule hiyo imetoa watumishi wengi wa ngazi za juu. Mmoja wao, George Magoha, hakupanda kwa ngazi ya utawala kabisa. Alikuwa daktari wa upasuaji, akawa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza baraza la mitihani, kisha akawa waziri wa elimu. Siku hizi hiyo ndiyo njia inayokua: mtaalamu anayeingia juu kutoka pembeni.

Na ndiyo hasa Katiba ya 2010 iliyoirasimisha. Zamani Katibu wa Kudumu alikuwa kilele cha ngazi, mtu aliyeanza kama ofisa wa wilaya mwenye kofia na fimbo, akapitia wilaya tatu ngumu, akajifunza kuandika waraka usio na kosa. Sasa Katibu wa Wizara hupendekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma, huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Bunge, na nafasi hutangazwa. Mwaka 2022 waliomba zaidi ya watu 9,000. Walioteuliwa walikuwa 51. Kijana wa Kayole mwenye shahada mbili anaweza kutuma maombi kwa simu akiwa ndani ya matatu. Lango ni pana zaidi kuliko lilivyowahi kuwa, na ngazi ni fupi zaidi. Tulichopoteza ni yule afisa aliyejua wilaya kwa miguu yake. Tulichopata, bado tunakihesabu, na wenye uchungu husema hesabu hiyo hufanywa kwa kuangalia kabila na kura.

Mwisho wa kazi nao una anwani. Mstaafu wa ngazi za juu ana shamba na nyumba aliyoijenga zamani. Mstaafu wa kawaida anapanga foleni Bima House kufuatilia malipo ya uzeeni, na bahasha ya kaki yenye nakala zote mkononi, kwani hajui watataka ipi. Wa reli walipata mkasa wao. Mali nyingi za Reli, Muthurwa ikiwemo, zilihamishiwa kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake, na mfuko huo, ukitafuta fedha za kuwalipa wastaafu, ukataka kuwaondoa wapangaji wa Muthurwa, wengine wao wakiwa wastaafu walewale. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 2013 kwamba jinsi walivyofukuzwa ilivunja haki zao. Mstaafu alikuwa mdai wa pensheni na kizuizi cha pensheni, ndani ya chumba kimoja.

Sasa kuna nyumba za bei nafuu, kwa tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa, na mitaa ya kale inatajwa tena katika mipango. Wanaozipanga hawakai huko, kama kawaida. Sioni ubaya wa ghorofa. Ninachokihofia ni kwamba mpangaji wa Kaloleni atahesabiwa kama kitengo, jinsi baba yake alivyohesabiwa kama kitanda.

Serikali imeshaanza kurudi mashariki kidogo kidogo. Makadara kuna Huduma Centre, ambako unachukua kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na mengine bila kwenda katikati ya jiji. Dada aliye dirishani hukuita kwa namba yako ya foleni, hukuuliza jina la baba na la babu, kisha hugeukia kompyuta. Saa kumi na moja akimaliza, hashuki mbali. Anavuka Jogoo Road, anapanda matatu ya Umoja, na anafika nyumbani kabla mkuu wake wa idara hajatoka katika msongamano wa Waiyaki Way.